Mkono Juu ya Kifua: Jinsi Watu Walivyojifunza Kuchora Ramani ya Moyo Bila Kuupasua

Mwishoni mwa mwaka 1870 alikuwako hapa kwetu Kabambare Mzungu mmoja mgonjwa wa miguu. Jina lake David Livingstone, daktari na mpelelezi wa nchi, mtu wa Skoti, Mprotestanti. Mahali petu hapa yeye alipaandika «Bambarre». Alifika mara ya kwanza mwezi wa Septemba 1869, akitafuta njia ya kuufikia mto Lualaba. Alijaribu mara kwa mara akashindwa, kwa sababu ya mvua, homa na matope. Mwezi wa Julai 1870 vidonda vya miguu vikamlaza, naye hakuondoka hapa mpaka Februari 1871. Karatasi zikamwishia. Basi akaandika juu ya magazeti makuukuu, kwa wino uliotengenezwa kwa matunda ya porini, mistari yake ikikatisha juu ya herufi za chapa. Wino ule ulififia hata maandiko hayakusomeka. Mnamo 2010 na 2011 wataalamu waliziangaza karatasi zile kwa mianga ya rangi nyingi, mmoja baada ya mwingine, wakayasoma tena maneno yake bila kuzikwaruza karatasi. Lishikeni jambo hilo, maana habari yangu ya leo ni ya namna hiyohiyo: kusoma kilichofichika bila kukigusa.

Katika daftari za siku zake za Kabambare imo habari moja ambayo kila nikiikumbuka hunisumbua. Livingstone anasimulia juu ya Said bin Habib, mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Kaka yake Said aliuawa usiku katika nchi ya Urua, mkuki ukitupwa kupitia hema lake. Said akaapa kulipiza kisasi. Akawaua wazee, akawateka vijana wengi sana, akawafunga minyororo. Vijana wale walivumilia minyororo yote mpaka walipovushwa Lualaba. Walipouona mto ule mpana umewatenga na kwao, wakavunjika moyo. Ishirini na mmoja wakafunguliwa, kwa kuwa sasa ilidhaniwa hawawezi kutoroka. Wote wakakimbia mara moja. Lakini wanane, pamoja na wengine wengi waliokuwa bado kifungoni, wakafa katika siku tatu. Hawakuwa na jeraha. Walipoulizwa wanaumwa nini, walisema moyo tu, wakaweka mkono juu ya kifua mahali penyewe hasa. Livingstone, kwa kuwa alikuwa daktari, aliona ajabu, maana watu wengi hudhani kwamba moyo uko juu zaidi, chini ya mfupa wa katikati ya kifua. Wenye watumwa nao walistaajabu: hawa wanakula vizuri, hawafanyi kazi, mbona wanakufa? Alikuwako na mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili hivi. Wakambeba. Alipokaribia kukata roho, wakamlaza kando ya njia, wakamchimbia shimo. Huyo naye alisema hana ugonjwa wowote ila maumivu ya moyo.

Siandiki haya ili kuwachokoza jirani zetu Waislamu wa Kasongo na Kabambare. Wazee wao na wazee wetu walikuwamo katika biashara ile kwa kila upande, wengine wakiuza, wengine wakiuzwa, na Wazungu wa pwani za mbali walinunua pembe bila kuuliza zimebebwa na nani. Nataka tu mtazame ule mkono. Watu wasiojua kitabu, wakiwa wanakufa, walionyesha kwa kidole mahali pa ugonjwa wao, na hakuna mtu duniani wakati ule ambaye angaliweza kuwaambia kinachotendeka chini ya kidole hicho.

Kwa nini hunisumbua? Kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuuona mkono kama huo, nikausoma vibaya. Mama mmoja wa shirika letu alifiwa na mume. Baada ya miezi michache alinijia, akaweka mkono kifuani, akasema: «Katekista, moyo wangu unakimbia, halafu unakosea njia.» Nikamjibu kwamba ni majonzi, asali rozari, Bikira Maria atamtuliza. Sikumwambia aende kwa mwuguzi. Nilisoma seminarini miaka mingi, nikajua kueleza huzuni kwa maneno mazuri, lakini kushika kiganja cha mtu na kuhesabu mapigo sikujua. Mwaka ule haujaisha, kiharusi kikampiga upande wa kuume. Mwuguzi alipomshika mkono alitambua upesi: mapigo yalikuwa ovyo ovyo, hayakufuatana. Baadaye ikajulikana kwamba mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa umeharibika tangu utotoni. Tangu siku ile nimetafuta habari za moyo popote nilipoweza, na hizi ndizo ninazowagawia.

Zamani njia ya kuuona moyo ilikuwa moja tu, kumpasua maiti. Livingstone mwenyewe alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, watu wake waliutoa moyo wake, wakauzika chini ya mti. Mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, na Susi na Chuma na wenzao wakauchukua mpaka pwani, ambako ulipokelewa katika misioni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, Bagamoyo, mwezi wa Februari 1874.

Wa kwanza kuusikiliza moyo wa mtu hai vizuri alikuwa Mkatoliki wa Ufaransa, daktari Laennec wa hospitali ya Necker mjini Paris. Mwaka 1816 aliletewa msichana mnene mwenye ugonjwa wa moyo. Kuweka sikio juu ya kifua cha msichana aliona si adabu. Basi akakunja karatasi nyingi kama bomba, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni, akashangaa kusikia moyo wazi kuliko alivyousikia siku zote. Ndiyo asili ya kile kipimo ambacho waganga wote leo hukivaa shingoni. Kwa hiyo haya ya kiungwana yaliwapa madaktari chombo chao! Laennec alikufa 1826 kwa ugonjwa wa kifua, mwenye miaka 45, ugonjwa uleule aliowafundisha wenzake kuusikiliza.

Lakini sauti ya moyo ni sauti ya milango yake ikifungwa. Amri ya kupiga inatoka wapi? Mwaka 1856 wataalamu wawili, Kölliker na Müller, waliuweka mshipa wa fahamu wa mguu wa chura juu ya moyo uliokuwa ukipiga. Kila moyo ulipopiga, mguu ule uliokatwa ukaruka. Ikajulikana kwamba moyo hutoa umeme, mdogo sana, kila upigapo.

Fikirini mtumbwi mkubwa wa Wagenia juu ya Lualaba. Mmoja huanza wimbo, na makasia yote huzama pamoja. Katika moyo pia kuna mwanzishaji: doa dogo la nyama katika chumba cha juu upande wa kuume, ambalo Keith na Flack wa Uingereza walilieleza mwaka 1907. Doa hilo huwasha cheche, cheche huenea katika vyumba vya juu, hupita katika njia moja nyembamba, hushuka kwenye vyumba vya chini, na moyo wote hujikaza. Hivyo mara 100,000 hivi kwa siku moja. Sasa makasia yakikosa mwanzishaji, kila mmoja akiimba wimbo wake, mtumbwi hutikisika lakini hauendi. Vyumba vya juu vikiwa hivyo, damu hutuama ndani yake, huganda, na bonge likitoka likapanda kichwani, ndicho kiharusi cha yule mama. Vyumba vya chini vikiwa hivyo, mtu hufa kwa dakika chache.

Mwaka 1887 Augustus Waller wa London aliuandika umeme wa moyo wa binadamu kutoka nje, kwenye ngozi. Alikuwa na mbwa aitwaye Jimmy, ambaye aliwaonyesha wakubwa kazi hiyo kwa kusimama, miguu yake imetumbukizwa katika vyombo vya maji ya chumvi. Wengine wakapiga kelele hata bungeni kwamba mbwa anateswa. Waller ndiye pia aliyechora umbo la mtu na mistari juu yake, kuonyesha sehemu za mwili ambako umeme wa moyo ni sawa kwa nguvu. Hiyo ndiyo ramani ya kwanza. Ila yeye mwenyewe hakutazamia kwamba kipimo hiki kitakuwa na kazi kubwa hospitalini.

Akaja Mholanzi Willem Einthoven, aliyezaliwa kisiwani Java mwaka 1860. Mashine yake, iliyokuwa tayari mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa na uzi mwembamba kabisa uliopakwa fedha, uliotikiswa na umeme wa moyo kati ya sumaku. Uzito wake kilo 270 hivi, na watu watano waliisimamia. Haikuweza kwenda kwa mgonjwa. Basi mwaka 1905 Einthoven akatumia waya wa simu, mgonjwa akiwa hospitalini Leiden na mashine mbali naye kilometa moja na nusu. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1924. Ile mistari yenye vilima na mabonde ambayo mgonjwa hupewa leo katika karatasi ya miraba ni uzao wa mashine hiyo, na herufi za vilima vile ni zilezile alizozitia yeye.

Hapa nipitie kando kidogo, kwa maana dawa moja ya moyo imepitia nyumbani kwetu. Katika karne ya 17 Wajesuiti walileta Roma kutoka Amerika magome ya mti yaponyayo homa, na Kardinali Juan de Lugo aliwagawia maskini. Wengi waliita dawa hiyo unga wa Wajesuiti; ndiyo mama wa kwinini. Mwaka 1912 mfanyabiashara Mholanzi alimwendea daktari Wenckebach, moyo wake ukipiga ovyo. Daktari akakiri kwamba hana dawa ya kuukomesha ugonjwa ule. Yule bwana akasema: mimi ninayo, nimekaa nchi za homa, nikinywa gramu moja ya kwinini moyo hutulia. Kesho yake akarudi, mapigo sawasawa! Wenckebach aliiandika habari hiyo mwaka 1914, na mwaka 1918 Frey wa Ujerumani akaonyesha kwamba kwinidini, ndugu wa kwinini kutoka magome yaleyale, ina nguvu zaidi. Miti hiyo ilipandwa Kivu wakati wa Wabelgiji, na Bukavu ikajulikana kwa kiwanda chake cha kwinini. Lakini msikimbilie vidonge. Baadaye ilionekana kwamba kwinidini yaweza yenyewe kuzusha mbio za moyo zinazoua.

Turudi kwenye ramani. Karatasi ya Einthoven husema kwamba kuna vurugu. Mahali pa vurugu haipaonyeshi vizuri. Mwaka 1930 madaktari Wolff, Parkinson na White walieleza ugonjwa wa vijana ambao moyo wao hukimbia ghafula, na baadaye ikathibitika kwamba wana njia ya pili ya umeme, njia ya panya, kati ya vyumba vya juu na vya chini. Mwaka 1968 mvuvi mmoja wa Marekani aliyekuwa na ugonjwa huo alipasuliwa kifua katika chuo kikuu cha Duke. Madaktari waligusa moyo wake hatua kwa hatua kwa kijiti chenye waya, wakatafuta umeme unapita wapi kwanza, na daktari Sealy akaikata njia ile. Akapona. Lakini kwa kuchora ramani hiyo ilibidi kufungua kifua chote. Tangu 1982 walianza kupitisha waya ndani ya mshipa wa mguu mpaka moyoni, na kuchoma mahali pabaya kutoka ndani. Mwaka 1998 Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux walionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi wa vurugu za vyumba vya juu, cheche mbaya hutoka katika mishipa iletayo damu kutoka mapafuni. Kuanzia hapo kazi ya kuchoma ikaenea ulimwenguni.

Je, haiwezekani kuchora bila kuingia ndani? Mwitalia Bruno Taccardi alitangaza mwaka 1963 ramani za kifua zilizopimwa mahali pengi sana pa ngozi, mbele na nyuma. Akaonyesha kwamba ngozi inajua mambo mengi ambayo karatasi ya kawaida, yenye vipimo vyake 12, haiyasemi. Ila kutoka ngozi kurudi moyoni ni hesabu ngumu ajabu. Simameni nje ya kanisa wakati wa Misa Kuu, milango imefungwa. Mnasikia kwaya. Kuna mmoja anayeharibu wimbo. Yuko benchi gani? Mkisikiliza dirishani pamoja tu hamtajua. Mkiweka watu kwenye madirisha yote, na kila mmoja akiandika alichosikia na saa yake, na mkiwa na mchoro kamili wa kanisa, kuta na nguzo zake, mwaweza kukadiria. Lakini upepo ukivuma kidogo dirishani, makosa madogo ya nje huwa makubwa ndani, nanyi mtamtolea lawama mwimbaji asiye na kosa.

Yoram Rudy, profesa aliyefanya kazi Cleveland na halafu St. Louis huko Marekani, aliishughulikia hesabu hiyo miaka mingi. Mwaka 2004 yeye na wenzake walitangaza matokeo yao kwa binadamu. Mgonjwa huvikwa koti lenye vipimo 250 hivi. Halafu hupigwa picha kwa mashine ya skana, ili umbo la moyo wake na mahali pa kila kipimo pajulikane. Kompyuta huunganisha mambo hayo mawili, ikachora moyo wenye rangi, ukionyesha umeme ulikoanzia na ulikoenda, pigo kwa pigo. Mgonjwa hakatwi hata kidogo.

Jambo lililonishangaza zaidi ni la mwaka 2017. Katika mji uleule wa St. Louis, daktari Cuculich na mwenzake Robinson, mtaalamu wa kutibu kansa kwa mionzi, waliwatibu wagonjwa watano ambao dawa na kuchomwa kwa waya hazikuwafaa tena. Walichora ramani kwa koti lile, kisha wakaelekeza mionzi mahali pale tu, kwa wastani wa dakika 14, bila kisu. Katika miezi mitatu kabla ya matibabu, wagonjwa hao watano walikuwa wamepata vipindi 6,577 vya mbio za hatari za moyo. Katika majuma sita ya kwanza baada yake vikawa 680. Baada ya majuma hayo, wakihesabu miezi 46 ya wagonjwa wote pamoja, vilikuwa 4. Lakini mmoja, mzee sana, alikufa kwa kiharusi majuma matatu baada ya kutibiwa. Madaktari wenyewe hawakuficha hilo, nami nawasifu. Mwaka 2019 wale wa Bordeaux walilinganisha ramani za koti na ramani zilizochorwa kwa kuugusa moyo wenyewe: kwa wengi hazikupatana vizuri, hasa pale mapigo yalipokuwa karibu na ya kawaida. Basi upepo wa dirishani bado unavuma.

Kwetu ugonjwa wa mapigo huanza mahali pengine. Ulaya na Marekani hasa ni mambo ya wazee. Uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 2015, uliofanywa katika nchi 14, nyingi zake za Afrika, ulihesabu wagonjwa 3,343 ambao milango ya moyo imeharibiwa na homa ya baridi yabisi. Nusu yao hawakuwa wametimiza miaka 29. Kama mmoja katika watano alikuwa na vurugu za vyumba vya juu, na wanawake walikuwa wengi zaidi. Ugonjwa huo huanza kwa mtoto mwenye koo lenye maumivu. Mwili ukipigana na vidudu vya koo, huigeukia na milango ya moyo. Penisilini ya bei ndogo, ikitolewa mapema, huzuia. Na aliyekwisha kupata homa ile huchomwa sindano kila majuma matatu au manne kwa miaka mingi, ili isirudi. Kwa wale ambao damu yao hutuama, mwaka 2022 uchunguzi mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 4,500 ulionyesha kwamba dawa ya kale ya kuzuia damu isigande, ile inayodai kupimwa damu mara kwa mara, inawalinda kuliko dawa mpya. Sikutegemea hilo, maana tumezoea kudhani kipya ndicho bora.

Kwa Kiswahili chetu mtu aweza kutibiwa moyo kwa upasuaji na kwa waya: Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015, au Nairobi katika hospitali ya Mater, iliyofunguliwa 1962 na Masista wa Huruma. Kutoka Kabambare ni safari ya kuuza shamba. Koti la vipimo 250 halijafika hapa. Kiganja kipo, na vidole vitatu vya kukishika vipo, na saa yenye mshale wa sekunde hupatikana sokoni. Yule mwuguzi alinifundisha: weka vidole chini ya kidole gumba cha mgonjwa, hesabu dakika nzima, usiridhike na robo, na usitazame wingi peke yake, tazama mwendo.

Bado sijui niwajibu nini wanaoniuliza kama wale vijana wa Urua walikufa kwa huzuni au kwa ugonjwa. Minyororo, kuhara, homa, safari, yote yalikuwako. Lakini tangu mwaka 1990 madaktari wa Japani wamefundisha juu ya ugonjwa ambao mtu akipatwa na msiba mkubwa, chumba cha chini cha moyo hulegea na kuvimba kama chungu, na karatasi ya Einthoven hubadilika. Kwa hiyo huzuni nayo yaweza kuandikwa juu ya moyo, ikasomwa kwa mashine. Nami nilipomwambia yule mama kwamba ni majonzi, kosa langu halikuwa kutaja majonzi. Kosa langu ni kwamba niliishia hapo.

Yu hai. Mkono wake wa kuume hauna nguvu, hushika rozari kwa wa kushoto. Kila Jumapili baada ya Misa hunipa kiganja chake nje ya kanisa, na watu wakipita hutucheka, nami nahesabu.